Maji Niliyommwagia Veronika

Jumatatu, 9 Aprili 1951

Zamu ya asubuhi. Sindano, vidonda, homa za kupima. Mzee wa kitanda cha dirishani amekataa tena kwinini. Anasema Kwaresima imekwisha, na yeye amekwisha kuteseka. Nilicheka, kisha nikamsimamia mpaka akameza.

Jioni mtaa wa Kamalondo, kwa mchumba wangu Veronika. Alikuwa anashona gauni jeupe la mtoto wa Komunyo ya kwanza. Mjomba wake Kabeya alikuwa kwenye cherehani yake barazani, suruali za watu zimemfunika magoti. Nilipewa kiti. Kabeya hanipendi sana. Mimi ni mtu wa Kilwa ya ziwani, mla samaki, na wao ni watu wa Kasai. Lakini mahari ameshaipokea, kwa hiyo siku hizi anaongea nami kuhusu mvua.

Veronika humletea mjomba wake maji ya kunawa kwa kupiga goti. Leo nilimuuliza kama nami nitapigiwa goti tukioana. Alisema goti ni la wakubwa wa damu, mume ni wa kugombana naye. Alisema pia kwamba hajawahi kumpigia baba goti. Baba yake alikufa yeye hajaanza kutembea vizuri. Kwao baba huitwa tatu. Neno hilo hajawahi kumwambia mtu.

Nilirudi kwa miguu. Njia nzima nilikuwa na furaha, na sikuona aibu.

Jumatano, 11 Aprili

Tumekwenda misioni kuandikisha ndoa. Padri Rene ni mgeni, amefika mwaka jana, kijana, na Kiswahili chake ni cha kitabu. Nje kulikuwa na foleni ya akina mama wenye watoto wa kuingizwa shule. Bila ubatizo hakuna shule, bila ndoa ya kanisa hakuna nyumba ya kampi ya wafanyakazi, kwa hiyo foleni ya padri haikauki kamwe.

Aliuliza haraka. Mmebatizwa? Tumebatizwa. Mmepata Kipaimara? Ndiyo. Kuna aliyewahi kuoa au kuolewa? Hakuna. Je, mna undugu wa damu? Mtu wa Kilwa na mtu wa Kasai! Veronika alificha kicheko kwenye kitambaa. Padri akaandika kwamba hakuna undugu.

Matangazo yataanza Jumapili. Jumapili tatu, halafu harusi.

Jumapili, 15 Aprili

Misa ya pili. Wanaume kulia, wanawake kushoto. Petro Kasongo, katekista wetu, alianzisha wimbo juu mno kama kawaida, tukabaki tunakimbizana naye. Mtu huyu ana kikohozi tangu nimjue na hataki dawa.

Baada ya mahubiri Padri alisoma: Alfonsi Mwewa wa Kilwa, mtoto wa marehemu Chola na marehemu Veronika, anataka kufunga ndoa na Veronika Mbombo wa Kasai, mtoto wa marehemu Kalala. Mwenye kujua kizuizi anabanwa na dhamiri kukisema.

Jina la mama yangu mara mbili katika tangazo moja. Watu walicheka kidogo. Mlangoni, baada ya Misa, mwenzangu wa zamu akawaeleza wasiojua. Anapenda kueleza. Nami nitaandika hapa, maana ni habari nzuri.

Mwaka juzi, masika, Veronika aliletwa kwetu na homa ya matumbo. Alikuwa bado mkatekumeni, anafundishwa dini, hajabatizwa. Siku ya tisa ya homa alikuwa anakwenda. Mvua ilikuwa imekata njia ya misioni, padri hakuweza kufika. Sista alikuwa ameshikwa na mzazi chumba cha pili. Akanipigia kelele mlangoni: wewe unajua namna, fanya. Nilijua namna. Tulifundishwa sote, kama tulivyofundishwa kufunga bandeji. Nilichukua kikombe. Nilimuuliza kama anataka ubatizo. Alifumba macho na kuyafumbua. Jina? Hakuweza kusema. Kichwani mwangu lilikuwamo jina moja tu la mwanamke, la mama yangu. Nikamwita Veronika, nikamwaga maji, nikasema maneno.

Hakufa. Alipopona alikwenda kanisani kumaliziwa sherehe, chumvi na mafuta na mshumaa. Akarudi hospitali kutuletea karanga za asante. Akarudi tena bila karanga.

"Munganga amejibatizia bibi yake!" mwenzangu alimaliza. Watu wote walicheka, nami nilicheka. Petro Kasongo alikuwa amesimama na kengele mkononi. Hakucheka.

Jumanne, 17 Aprili

Petro amekuja hospitali. Nilidhani hatimaye ni kikohozi. Nikamtayarishia chupa.

Aliufunga mlango nyuma yake. "Alfonsi. Ni weye njo ulibatiza Veronika?"

Nilisema ndimi niliyembatiza.

"Na mukono yako? Na kinywa yako?"

Nilisema ndiyo, mji mzima unajua.

"Basi weye iko baba yake. Baba ya ubatizo. Kanisa inakataza. Haiko zambi tu. Ndoa haishike."

Nilimwambia ni maneno ya wazee. Alisema ni sheria, alifundishwa na mapadri wa kwanza, na padri wa sasa atakuta imeandikwa. Mtu aliyebatiza na mtu aliyebatizwa hawaoani. Mimi nimesoma miaka yote ile, nimefundishwa maji na maneno, na hakuna hata siku moja mtu aliyeniambia kinachofuata. Ni nani angefikiria kuniambia? Tuliowabatiza wote walikufa.

Petro alisema anabanwa kumwambia Padri kabla ya Jumapili. Amekuja kwangu kwanza ili niende mwenyewe. Alisema kwa upole. Kisha alichukua ile chupa ya dawa, akaondoka nayo.

Nilimchukia. Naandika hivi kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 18 Aprili

Kwa Padri Rene. Alifungua kitabu cha Kilatini, akatafuta, akasoma, masikio yakawa mekundu. Petro amesema kweli. Padri alisahau kuuliza nani alimbatiza Veronika. Aliona tu kwamba amebatizwa, akapita.

Halafu akaanza kuniuliza kama daktari mkuu anavyouliza mgonjwa amekufaje.

Maji yalikuwa safi? Ndiyo. Nilisema maneno yote, bila kuacha? Ndiyo. Wakati uleule nikimwaga? Ndiyo. Maji yaligusa ngozi, au yalilowesha nywele tu? Yalitiririka, au yalikaa?

Nilianza kujibu. Akainua mkono. "Fikiri vizuri, Alfonsi. Ilikuwa haraka. Ulikuwa na hofu. Kama huna hakika, ni haki yako kusema kwamba huna hakika."

Nilielewa. Kama ubatizo ule una shaka, yeye atambatiza tena kwa mkono wake, kwa masharti, kwa maneno yanayoanza na kama. Hapo mimi si baba wa mtu. Jumapili tangazo la pili, na harusi siku yake.

Alinipa mpaka Jumamosi. Alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hafanyi.

Alhamisi, 19 Aprili

Kazi mbaya leo. Nilitafuta mshipa wa mgonjwa mara tatu.

Mwenzangu mwingine wa zamu anasema nisijisumbue, ng'ambo ya reli kuna Waprotestanti, kwao hakuna baba wa maji. Yeye ni Mprotestanti, anafurahia taabu zetu kama mtu anayetazama mvua akiwa ndani. Nilimwambia anyamaze.

Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu. Padri anataka kujua kama yalimwagika.

Yalimwagika. Alikuwa amenyolewa nywele kwa ajili ya homa. Yalishuka kwenye paji, yakapita nyuma ya sikio la kushoto, yakaingia kwenye mto. Nakumbuka kwa sababu baadaye niliubadilisha mto. Mto ulikuwa umelowa hata chini.

Naweza kusema sikumbuki. Nani alikuwapo? Sista yule amerudi Ulaya. Neno moja tu, wala si uongo mkubwa. Na mimi namtaka mwanamke huyu kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Ijumaa, 20 Aprili

Nilikwenda Kamalondo nikamwambia Veronika yote. Petro, kitabu, mto. Alisimamisha cherehani kwa kiganja, gurudumu likasita likafa.

Aliuliza swali moja. Kama maji hayakupita, Komunyo zote alizopokea tangu siku ile zilikuwa nini?

Nilisema Padri atatengeneza.

"Usiseme bongo juu ya kichwa yangu," alisema; bongo kwao ni uongo. Hakupandisha sauti. Mjomba Kabeya alikuwa barazani, mkasi wake ukanyamaza.

Jumamosi, 21 Aprili

Nilimwambia Padri Rene kuhusu mto. Alishusha pumzi. Sijui kama alifurahi au alihuzunika, huenda vyote.

Anasema njia ipo. Kizuizi hiki ni sheria ya Kanisa, na kile Kanisa lilichofunga Askofu anaweza kukifungua kwa sababu nzuri. Ataandika leo. Matangazo yanasimama. Tungojee.

Nimefanya vizuri na sijisikii vizuri hata kidogo.

Jumapili, 22 Aprili

Majina ya watu wengine yalisomwa. Yetu hayakusomwa. Kanisa zima lilisikia hayakusomwa.

Jumapili, 6 Mei

Kamalondo hakuna siri. Barua ya Padri haijafika kwa Askofu, lakini habari imeshafika kila bomba la maji. Akina mama wananisalimia Baba Veronika. Watoto wanaimba. Kwao ni mchezo.

Kwa Kabeya si mchezo. Leo aliniwekea kiti mbele ya wateja wake wawili, na suruali zao zilikuwa hazijamalizika, kwa hiyo walikaa kusikiliza.

"Weye ulimuzaa na maji," alisema. "Ile moja. Kisha ulimupa jina ya mama yako. Kwetu mutoto mwenye jina ya mama yako ni mama yako, unamuheshimu. Ile mbili. Sasa uniambie, Alfonsi. Unataka kuoa mutoto yako, ao unataka kuoa mama yako? Chagua moja, nijue bei ya kukurudishia."

Wateja walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Kabeya mwenyewe hakucheka. Nilimwambia haya ni mambo ya Askofu. Alisema Askofu ni muntu mukubwa, lakini hana mtoto wa dada wa kuoza.

Niliondoka bila kumuona Veronika. Alikuwa ndani.

Jumapili, 27 Mei

Maandamano ya Sakramenti. Mji mzima mweupe na mwekundu, maua njiani, bendi ya kampi mbele, Wazungu chini ya mwavuli, sisi nyuma kwa vikundi na bendera zetu. Nilibeba upande mmoja wa bendera ya wauguzi. Upepo uliivuta, mikono ikauma.

Kikundi cha wanawake kilitupita kwenye kona. Veronika alikuwa safu ya nje, shuka jeupe kichwani. Alipofika sawa na mimi aliinamisha macho. Nimeona wanawake wengi wakiinamisha macho mbele ya wachumba wao. Haikuwa namna ile. Aliyainamisha kama mbele ya mkubwa.

Sikula leo. Si kufunga. Sikutaka tu.

Jumamosi, 16 Juni

Baridi. Asubuhi umande mweupe kwenye nyasi za hospitali. Wagonjwa wanajifunika mpaka kichwa, unapima homa ya blanketi.

Hakuna jibu.

Mkuu wa kampi ameniuliza kuhusu nyumba niliyowekewa. Ni ile ya tatu kutoka bombani, milango imepakwa rangi ya kijani. Ni ya mtu mwenye mke. Nilisema nitaoa kiangazi hiki. Alisema kiangazi kinaisha.

Petro anakohoa kidogo zaidi kuliko zamani. Dawa aliitupa, nadhani. Jumapili alinisogelea kunisalimia, nikajifanya natafuta kofia yangu.

Jumanne, 10 Julai

Jibu limekuja. Askofu amefungua.

Padri Rene alinipigia simu hospitali kupitia kwa Masista, jambo kubwa, kila mtu akajua. Nilikwenda na koti langu la kazi. Alinionyesha karatasi ya Kilatini yenye mhuri, akanitafsiria mara mbili, akaniletea kahawa yake mwenyewe. "Subira yavuta heri," alisema, akafurahi kwamba anaijua methali. Jumapili atasoma tangazo la pili kama vile hakuna kilichotokea.

Nilikwenda Kamalondo karibu mbio. Kabeya hakuwapo, alikuwa amekwenda kununua nyuzi. Veronika alikuwa uani anapepeta unga. Nilimwambia. Alitua ungo chini.

Nitaandika alivyosema, kwa sababu nataka niwe nayo.

Aliuliza karatasi inasema nini. Nilisema inasema mimi si baba yako tena, kwa ajili ya ndoa.

"Kwa ajili ya ndoa tu?"

Ndiyo.

"Na kwa ajili ya ingine?"

Nilisema hakuna ingine, sisi ni mume na mke, imekwisha.

Alifuta unga mikononi taratibu, kidole kimoja kimoja. "Ile siku nilikuwa nasikia bantu bote mbali, kama beko ng'ambo ya muto. Nikasikia muntu moja ananiita jina. Haikuwa jina yangu, lakini nikajua ni miye anaita. Nikarudia huku. Tatu yangu sikumbuke sauti yake. Sauti ya baba yenye niko nayo ni ile. Ni yako."

Nilisema mbona ulikubali kuolewa nami. Alisema alijua kuna kitu kati yetu, kikubwa, na kila mtu alimwambia kitu kikubwa kati ya mwanaume na mwanamke ni ndoa. Akaamini. "Petro njo alitaja jina yake ya kweli. Kiisha kusikia, sikuweza tena kutosikia."

Nilisema Askofu amefungua.

"Nilifikiri sana juu ya ile. Kama karatasi inaweza kutoa ubaba wako, itashindwa kutoa nini? Itatoa na ubatizo. Vilikuja pamoja, na kikombe moja."

Nilimwambia hajui sheria. Nilimwambia kwa ukali. Halafu nikamwambia nampenda, sijawahi kumwambia kwa neno hilo hasa, na nilisema vibaya, kama mtu anayedai kitu chake.

"Na miye nakupenda," alisema. "Njo ile inanishinda."

Aliokota ungo akaendelea kupepeta. Nilisimama pale mpaka nikagundua nimesimama.

Alhamisi, 12 Julai

Nilimpeleka habari Padri. Hakuamini. Alisema amekosea, ni mawazo ya kienyeji, atakwenda kumweleza. Alipanda baiskeli na kanzu yake, akaenda.

Alirudi kabla ya jua kuzama, vumbi mpaka magotini. "Alinipa kiti," alisema. "Alinisikiliza vizuri sana. Alisema hapana." Baadaye akaongeza kwamba maisha yake yote ameona Wakristo wakililia ruhusa, hajawahi kuona anayeirudisha.

Karatasi ya Askofu iko mezani kwake, chini ya jiwe.

Ningesema sikumbuki. Siku ile ya Jumamosi ningesema tu sikumbuki, leo tungekuwa tumeoana. Kisha nawaza kwamba hata hivyo angeisikia sauti ileile. Mawazo haya mawili yanapokezana, na mimi nalala katikati.

Jumapili, 15 Julai

Kabeya ameleta mahari yote. Ameileta kwa adabu, akiwa na koti, na shahidi. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alisema, "Haiko kosa yako, munganga. Haiko kosa ya muntu." Akakataa kuketi.

Jumatano, 15 Agosti

Mama Maria Kupalizwa. Kanisa lilijaa mpaka nje. Nilisimama nje.

Nyumba ya milango ya kijani amepewa fundi mmoja na mke wake. Nilisaidia kubeba kitanda chao, maana nilikuwa napita.

Ijumaa, 2 Novemba

Siku ya Marehemu. Mvua imeanza, makaburi matope. Petro alisalisha kaburi kwa kaburi, watu wakimfuata na mishumaa inayozimika. Upande ule mwingine, nyuma ya ua wa miiba, wamelala wasiobatizwa. Huko mshumaa hauendi. Mwanamke mmoja alisimama pale uani muda wote wa sala, anatazama upande ule. Sikumjua. Petro alipomaliza alikwenda akasimama naye, bila kitabu. Sijui walisema nini. Tangu Aprili, leo ndiyo mara ya kwanza nimemtazama Petro bila hasira.

Jana hospitali mwanamke alikuwa anakufa, mkatekumeni, na padri yuko mbali. Sista akaniita. Nilichukua kikombe. Nilimtazama uso kwanza. Naona aibu kuandika: nilimtazama kama ni mtu ambaye ningeweza kumpenda. Alikuwa mzee. Nilimbatiza. Maji yalitiririka, nilihakikisha. Nilimwita Maria. Siku hizi nina jina tayari.

Alikufa saa ileile. Amelala upande wa mishumaa.

Jumapili, 30 Machi 1952

Sikuandika miezi. Hakukuwa na la kuandika. Kazi.

Leo alasiri nilikuwa najinyoa mlangoni, kioo kimetundikwa msumarini. Niliwaona kwenye kioo kwanza. Kabeya na koti lake, na nyuma yake Veronika, ana kuku mkononi na unga kichwani. Nilifuta povu nusu ya uso.

Kabeya alieleza akiwa amesimama. Kuna kijana, Andre, seremala, mtu wa kwao, mwenye kusali. Amekuja kuomba. Ameleta mwenye kumsemea, kama inavyotakiwa. Lakini Veronika amekataa mjomba ajibu peke yake. Amesema jibu la kwanza ni la baba, na baba yupo, anakaa kampi ya hospitali.

"Miye ni mujomba tu," alisema Kabeya. Nilitafuta dhihaka usoni mwake. Haikuwapo.

Veronika aliweka kuku na unga chini. Akapiga goti pale kwenye kokoto, akapiga makofi mawili madogo, macho chini.

"Moyo, tatu."

Ni salamu yao. Inajibiwa kwa neno lilelile. Najua, nimeisikia mara mia Kamalondo. Nilichelewa kujibu. Kuku aliyefungwa miguu alipapatika akanyamaza. Nilimuona Kabeya anatazama miti, ili asinitazame mimi.

Ningekataa, naye angenyanyuka aende. Angeolewa tu, kwa neno la mjomba. Lakini angebaki hana wa kumwambia neno lile, na mimi nisingebaki na kitu chochote.

"Moyo, mwanangu," nilisema.

Akanyanyuka, akapangusa goti.

Nikaingia ndani kuleta viti. Nilipotoka nilianza kuuliza, na nilishangaa kuona maswali yapo, yamejipanga. Kijana anakunywa? Anakunywa siku za sikukuu. Aliwahi kuoa? Hapana. Mama yake ni mtu gani? Ana deni kwa Mgiriki wa duka? Kabeya alijibu lolote alilojua. Veronika alinyamaza, kama inavyotakiwa. Swali la mwisho nilimuuliza yeye: unamtaka? Alisema anamtaka. Aliposema hivyo iliniuma, hapa chini ya mbavu, nami nikangoja ipite kama ninavyowaambia wagonjwa wangoje. Haikupita yote.

Nilisema nimekubali.

Walipoondoka nilimaliza kunyoa upande wa pili.

Jumapili, 20 Aprili

Misa ya pili. Petro alianzisha wimbo juu mno. Tukamfuata.

Tangu mwaka jana Padri Rene humuuliza kila mchumba nani alimbatiza. Watu wameizoea, wanajibu kabla hajauliza. Juzi niliitwa misioni, nikaulizwa mimi kama shahidi. Maji yalitiririka? Yalitiririka. Akaandika. Karatasi ya Askofu haipo tena mezani. Jiwe lipo.

Baada ya mahubiri alisoma matangazo. Veronika Mbombo na Andre, seremala. Tangazo la kwanza. Akanyanyua macho kwenye karatasi, akasema kama desturi: mwenye kujua kizuizi anabanwa na dhamiri kukisema.

Watu wa benchi la mbele waligeuka kunitazama. Halafu wa nyuma yao. Petro alikuwa amesimama kando ya altare, naye alinitazama, ameshika kikohozi chake kwa kitambaa.

Nilitazama mbele. Sijui kizuizi chochote.

Padri aliendelea na habari za mafundisho ya Jumanne. Baada ya Misa nilirudi hospitali, nilikuwa na zamu.